Safu ya Wageni

Tuelewane mapema, nisije nikaitwa mahali kujieleza. Nchi nitakayoisimulia si hii yetu. Hii yetu naijua, naipenda, na wimbo wake ukipigwa nasimama hata nikiwa na malaria. Ile nyingine iko mbali sana na watu wake wana tabia za ajabu. Ukiona humu kitu kinafanana na cha kwenu, umekiona wewe, mimi sikukuonyesha.

Basi huko kuna Wizara ya Parachichi na Heshima ya Taifa, na Waziri wake anaitwa Mheshimiwa Profesa Telesphori Bulengela. Asubuhi moja wanunuzi kutoka ng'ambo walimuuliza kama miparachichi ya nchi yake ina wadudu au magonjwa. Profesa akajibu kama ambavyo ungejibu wewe mgeni akikuuliza kama kitanda chako kina kunguni. Akasema hamna. Jioni redio ikatangaza kwamba magonjwa ya parachichi yamekwisha nchini, na kesho yake shule zikafungwa ili watoto wapate nafasi ya kushangilia.

Msidhani kwamba ufuatiliaji wa wadudu na magonjwa ulikoma hapo. Ndiyo kwanza ukashika kasi. Yalinunuliwa magari, zikashonwa kofia zenye nembo, wakaajiriwa maofisa wapya, maana ili uwe na hakika kwamba kitu hakipo lazima uende kila mara usikione. Afisa ambaye hakuona kitu alipandishwa cheo. Aliyeona alikuwa ameshindwa kazi, na mimi sioni ubaya hapo: umetumwa kwenye nchi safi, unarudi na mdudu, umemtoa wapi?

Wilaya ya jirani alikuwapo mmoja wa namna hiyo. Kazi yake ilikuwa kukagua mitego ya nzi wa matunda. Mitego yenyewe ni makopo ya njano yanayoning'inizwa mtini, ndani mna chambo chenye harufu ya kuwaita nzi, ili mjue kama wapo. Huyu bwana akakuta nzi, tena wengi, na kwa ujinga wa kisomi akatoa taarifa. Akaitwa makao makuu aeleze nzi hao walialikwa na nani. Siku hizi anapalilia maua kwenye gereza moja, na wenyewe wanasema anajitolea.

Baada ya tukio hilo Wizara ikaamuru chambo kiondolewe kwenye makopo yote. Wataalamu walieleza redioni, kwa sauti ya upole, kwamba chambo huvutia wadudu, na haiwezekani Serikali iliyomaliza wadudu iwe ndiyo inayowaita. Makopo yakabaki matupu, mazuri, yakicheza na upepo. Msimu huo hayakukamata hata mbu, na Wizara ikachinja ng'ombe.

Kijiji chetu kiko milimani, kinaitwa Mwitikilo, na watu wake wana adabu sana. Mgeni akija anakaribishwa sebuleni, penye kiti chenye kitambaa cha kufuma. Hapelekwi chumba cha nyuma kulikorundikwa nguo chafu na kulikolala mgonjwa. Wakaguzi wa parachichi walipoanza kuja tukawapokea hivyo hivyo. Kila mwenye shamba akatenga safu moja ya miti, ile ya kando ya barabara, akaiita safu ya wageni. Samadi yote ilikwenda huko. Maji ya kiangazi yalikwenda huko. Mashina yalipakwa chokaa, na siku ya ukaguzi akina mama walitoka na matambara yaliyoloweshwa wakafuta majani moja moja. Mtoto aliyeparamia mti wa safu ya wageni alichapwa kuliko aliyevunja kioo cha kanisa.

Mkaguzi alishuka kwenye gari, akawekewa kiti chini ya mti wa kwanza. Akaletewa chai ya maziwa, mahindi ya kuchemsha na paja la kuku. Akishanawa mikono aliinua macho, akatazama majani, akasema, "Safi," akaondoka na kofia yake. Kuomba kuona miti ya nyuma kungekuwa utovu wa adabu, sawa na mgeni kufunua masufuria jikoni kwako. Hakuna aliyedanganya wala aliyehongwa. Tulikuwa tunaheshimiana tu, shamba kwa shamba, wilaya kwa wilaya, mpaka nchi nzima ikawa haijulikani nyuma ya safu ya kwanza kuna nini. Wizara ikaupenda utaratibu huo, ikauandika kwenye Mwongozo: ukaguzi utafanyika safu ya kwanza tu, nayo ni ile iliyo jirani na barabara inayopitika kwa gari la Serikali.

Sasa jirani yangu. Bi Subilaga alikuwa mkunga wa zahanati yetu hadi alipostaafu, mwanamke wa sauti ya chini, mkaidi ajabu. Alipostaafu alipanda miparachichi kuanzia barabarani juu mpaka mtoni bondeni, akaitunza kama alivyotunza wazazi wake, yaani wale waliozaa mikononi mwake. Miti ikakubali. Halafu ile ya chini, ya karibu na mto, ikaanza kupauka. Majani yakawa madogo ya rangi ya njano, matawi yakakauka kuanzia ncha, na matunda yakabaki madogo yameunguzwa na jua kwa kukosa kivuli. Akachimba kwenye shina. Mizizi ilikuwa myeusi, na ukiigusa inakatika.

Hakuna aliyehitaji kwenda chuo kikuu kujua kwamba miti ile inaumwa. Hata dawa tuliijua, kwa kuwa tulifundishwa enzi ambazo magonjwa yalikuwa bado yanaruhusiwa: mti unadungwa sindano kwenye shina, kama mtu, na unadungwa kabla ya mvua, maana ugonjwa huo hutembea na maji na matope. Miti ya katikati na ya juu ilikuwa bado mizima. Akiipata dawa mapema shamba lingepona, na mashamba ya jirani wa ng'ambo ya mto yangepona. Mvua zikimkuta hajaipata, basi tena. Hilo ndilo lilikuwa tatizo lake, na halikuwa kubwa. Dawa ilikuwapo kwenye ghala la wilaya, mwendo wa asubuhi moja.

Nilimsindikiza mimi mwenyewe. Mtunza ghala, Bwana Gervasi, alitupokea vizuri, akatupa na viti.

"Dawa ipo, mama," alisema. "Ugonjwa ndio haupo."

"Sasa mliinunua ya nini?"

"Ya tahadhari."

"Basi nipe kwa tahadhari."

"Tahadhari tunaitoa ugonjwa ukithibitishwa, mama. Na ugonjwa hauwezi kuthibitishwa kwa sababu umekwisha. Mimi ningekupa hata sasa hivi, lakini ukienda kuidunga ile miti dawa, watu wataniuliza inatibiwa nini."

Tukaenda kwa bwana shamba wetu, kijana anaitwa Anyosisye. Bi Subilaga alimzalisha mama yake, kwa hiyo alimwita mwanangu na yeye hakuwa na pa kukimbilia. Alituangalia kwa huruma. Akatueleza kwamba neno "kuumwa" limeondolewa kwenye taarifa za Wizara, na kwamba mti uliopauka unaandikwa kuwa unapumzika. Ukikauka kabisa umestaafu.

"Mimi ndiye niliyestaafu," Bi Subilaga alisema, "na nimesimama hapa mbele yako. Twende ukaone hiyo iliyostaafu."

"Siwezi kuvuka safu ya kwanza, mama. Mwongozo umekataza."

"Ukiivuka itakuwaje?"

"Nitaona," alisema Anyosisye, na akainamisha kichwa.

Tukarudi kijijini. Mimi nilikuwa naipima hasira yangu, maana kwa umri wangu presha haichezewi. Yeye alikuwa anawaza. Tulipofika kwake alisimama juu ya shamba akaangalia bondeni, akasema wanataka safu ya kwanza, watapata safu ya kwanza. Nikadhani amechanganyikiwa. Akanieleza taratibu: kama safu ya kwanza ni ile iliyo karibu na barabara, basi tukichimba barabara nyingine kule mtoni, miti migonjwa itakuwa ya kwanza, na mkaguzi atalazimika kuikagua kwa sheria yake mwenyewe.

Kwetu kazi ya pamoja tunaiita msaragambo. Ikipigwa filimbi kila kaya inatoa mtu na jembe, na asiyekuja hazikwi vizuri. Bi Subilaga alimwomba mwenyekiti wa kijiji apige filimbi, na watu wakaja wengi kuliko nilivyotarajia. Kumbe kila mmoja alikuwa na miti nyuma ya nyumba aliyokuwa anaificha. Watu ambao tumekunywa nao chai miaka yote chini ya miti iliyopakwa chokaa walianza kuambiana, jembe mkononi, "Na kwako pia?" Tulichimba kando ya mto mpaka mkono ukakataa. Tukaweka changarawe, tukajaza mashimo, ikawa barabara ya kupitika kwa gari la Serikali, tena gari kubwa.

Kilichobaki kilikuwa kumleta mkaguzi mwenyewe. Mwenyekiti akapendekeza tumwombe Waziri aje kuona hali ya miti. Bi Subilaga akamwambia, "Ukimwita aje aone ugonjwa hatakuja. Mwite aje akate utepe." Tukanunua utepe. Jibu lilirudi haraka kuliko jibu lolote tuliloliona kutoka Serikalini: Mheshimiwa atakuja kuzindua barabara, atakuja na mkewe, na ataleta wanunuzi wa ng'ambo wajionee nchi safi.

Siku ya siku magari yakapita barabara yetu mpya, yakasimama kwenye shamba la Bi Subilaga. Tuliweka meza yenye kitambaa cheupe na viti vya wageni chini ya miti, kama mila inavyotaka. Tofauti ni kwamba miti ile haikuwa na majani, kwa hiyo jua lilimpiga Mheshimiwa utosini. Kofia za Wizara zikaanza kutazamana. Profesa akainua macho, akayashusha, akauliza kwa sauti ndogo miti hii ina nini. Anyosisye akajibu, "Inapumzika, Mheshimiwa." Mheshimiwa akaridhika, akasimama kuhutubia.

"Ndugu wananchi," alisema, "barabara ni mshipa. Mshipa ni damu. Na damu ya taifa letu ni ya kijani, kwa kuwa ni parachichi. Wapo wasiotutakia mema wanaouliza, je, wadudu wako wapi? Nami nawajibu, waulizeni wadudu wenyewe." Tulipiga makofi, maana tulikuwa tumepangwa kupiga. Akaendelea hivyo mpaka mkewe akajifunika kichwa kwa ratiba.

Ratiba ilionyesha kwamba baada ya hotuba mwenye shamba atatoa shukrani. Bi Subilaga hakushika kipaza sauti. Alishika jembe, akalipiga mara chache kwenye shina nyuma ya kiti cha Waziri, akang'oa mzizi, akaupeleka ulivyo na matope yake akauweka juu ya kitambaa cheupe, katikati ya chupa za maji.

"Mheshimiwa, miti hii inaumwa," alisema kwa ile sauti yake ya zahanati. "Haipumziki. Dawa iko kwenye ghala lenu na mvua ziko karibu. Mkinipa dawa wiki hii, ile miti ya juu itapona, na ya hawa wenzangu itapona. Sina shukrani nyingine."

Mnunuzi mmoja wa ng'ambo akamuuliza mkalimani mama anasema nini. Mkalimani akasema anashukuru kwa barabara. Lakini yule mtu alikuwa na macho, akauchukua mzizi, ukakatika mkononi mwake. Akatoa kifuko cha plastiki mfukoni, akautia ndani na kukifunga. Nilimwona Profesa akikiangalia kile kifuko. Sijawahi kumwona mtu akiogopa kitu kidogo namna ile.

Wanunuzi walipofika kwao walisimamisha mzigo. Hapo ndipo Serikali ilipokubali kwamba ugonjwa upo. Nilifurahi kama mpumbavu, nikampigia Bi Subilaga simu kumpongeza. Kumbe wameukubali ili upate mwenyewe. Iliundwa Tume ya Kumtafuta Aliyeleta Ugonjwa, ikaketi kwenye darasa la shule yetu ya msingi, mwenyekiti wake akiwa na kofia mpya.

"Barabara ya mtoni ilichimbwa lini?" mwenyekiti wa Tume aliuliza.

"Mwezi uliopita," alijibu Bi Subilaga.

"Kabla ya hapo, yupo afisa yeyote aliyewahi kuuona ugonjwa huu popote nchini?"

"Hakuna. Hawakuangalia."

"Jibu swali. Ulionekana kwa mara ya kwanza wapi?"

"Kwenye barabara hiyo."

"Basi ugonjwa umekuja kwa barabara, na barabara uliileta wewe."

"Miti yangu ilianza kukauka mwaka juzi, baba."

"Mwaka juzi nchi ilikuwa safi, mama. Angalia sana maneno yako."

Tume ikamaliza kazi kabla chai haijapoa. Iliamuliwa shamba la Bi Subilaga likatwe lote, na dawa yote iliyo ghalani itoke mara moja ili kulinda taifa. Nayo ilitoka, sisemi uongo. Ilipakiwa kwenye magari, ikasambazwa nchi nzima, ikadungwa kwenye safu za wageni. Miti mizima, iliyoshiba samadi, iliyopakwa chokaa, ndiyo iliyodungwa sindano, mbele ya kamera, mpaka dawa ikaisha. Bwana Gervasi wa ghala alikuja mwenyewe kwa miguu kumweleza Bi Subilaga kwamba hata chupa moja haikubaki. Alishindwa kukaa, akaaga mlangoni.

Wakataji walikuja na lori, kwa barabara yetu ya mtoni. Bi Subilaga aliwasubiri mtoni, akawaomba wakate miti ya chini tu, wachome mashina na mizizi palepale, na kila mtu aoshe viatu kabla ya kutoka shambani, maana matope ndiyo yanayobeba ugonjwa. Alikuwa ameweka beseni na sabuni. Mkuu wa wakataji akamwambia hawezi kupokea maelekezo kutoka kwa mtuhumiwa. Wakaanza chini, wakapanda katikati, wakafika juu kwenye miti yenye matunda. Anyosisye alikuwa ameshika karatasi ya amri.

"Mwanangu, hii ya juu ni mizima. Unaiona."

"Naiona, mama."

"Sasa?"

"Sikutumwa kuiona."

Misumeno ikaendelea. Matunda yalidondoka yakaviringika kwenye mteremko hadi mtoni, watoto wakayaokota. Safu ya wageni ya barabara ya juu iliachwa, kwa kuwa ilikuwa imeshadungwa dawa na ilikuwa kwenye takwimu. Mashina na mizizi ya ile miti migonjwa hawakuichoma. Waliipakia kwenye lori, na udongo wake ukining'inia, wakaizungusha wilaya zote hadi makao makuu, ili wananchi wamwone adui aliyekamatwa. Kila penye safu ya wageni lori lilisimama, watu wakapiga makofi na udongo ukamwagika.

Hapa nitasema kwa kuwa nimechoka na upole. Walijua. Wale wenye kofia walisoma, kwa kodi za watu kama Bi Subilaga, na kila mmoja wao alijua matope yale yamebeba nini. Hawakuwa wajinga hata kidogo. Waliona afadhali nchi nzima ife kwa utaratibu kuliko mama mmoja awe amesema kweli. Na sisi wa Mwitikilo tuliochimba naye barabara, siku ya Tume tulikaa darasani kwenye madawati ya watoto, tumekunja magoti, tukiangalia ubao. Samahani, nimepandisha sauti. Nchi yenyewe iko mbali, nimeshawaambia.

Mvua zilikuja kwa wakati wake. Masika ya pili yalipopita, watu wakaanza kufika kijijini kwetu. Hawakuwa na magari wala kofia. Walikuwa wakulima kutoka wilaya za mbali, wanawake kwa wanaume, miti yao imepauka na maofisa wao wamewaambia inapumzika. Walikuwa wamesikia kwamba yuko mama Mwitikilo anayejua. Bi Subilaga anawaosha viatu kwanza, halafu anawapeleka bondeni kwenye visiki, anachimba vimizizi vilivyobaki ardhini na kuwapa washike, ili wakirudi waweze kutambua mapema. Anawaambia watazame miti ya nyuma, wasipoteze muda na ya mbele.

Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja kutoka kusini na binti yake. Alishika kimzizi, akakivunja, akauliza swali ambalo wote wanauliza, kwamba yeye aliponyimwa dawa alifanya nini.

"Nilichimba barabara," Bi Subilaga alisema.

"Ikasaidia?"

Bi Subilaga alifukia shimo, akalikanyaga kwa mguu lishike.

"Ilisaidia sana. Bila hiyo lori lao lisingefika kwenye miti yangu."